Mstari Ndani ya Hewa

Kitendawili: napita mlangoni na sikanyagi.
Jibu tunalo tangu utotoni.
Lililotukosesha usingizi ni swali la pili,
ambalo hakuna nyanya aliyewahi kulitega:
nikipita, napita kwa kasi gani?

Chumba ni cha chini, Chiromo, nyuma ya mikaratusi,
madirisha tumeyaziba kwa magunia na rangi nyeusi.
Tangi tulilinunua kwa kilo.
Pua ya chuma aliichonga Kioi, fundi wa Kamukunji,
aliyezoea masufuria na masanduku ya bati;
alipoambiwa hewa itatoka humo ikiipita sauti yake yenyewe
alicheka, akaongeza shilingi mia nane.

Mwanzo tulitumia poda.
Poda ya watoto, tuseme kweli, ile ya kopo jeupe,
tukaipuliza ndani ili leza ipate cha kumulika.
Iling'aa vizuri. Ikadanganya vizuri.
Poda ina uzito: hewa ikishakata kona
poda bado inaaga, bado inatafuta viatu.
Dakta Syombua aliitazama picha, akasema,
"Hapa tumepima mwendo wa poda.
Nani alituuliza habari za poda?"

Basi tukaacha kutuma mjumbe.
Tukaiandika hewa yenyewe:
pigo moja la leza, jembamba kuliko unywele,
na nitrojeni iliyoguswa ikabaki inang'aa,
mstari wa waridi
uliosimama wima kama alifu.

Mstari hauna miguu.
Unakwenda unakokwenda umati.
Kamera inafumbua, inafumba, inafumbua tena.
Kati ya picha na picha, mikrosekunde nne;
katika muda huo jicho langu
halijaamua hata kama litapepesa.

Saa kumi na dakika ishirini kiwambo kikapasuka.
Mshindo. Vumbi la dari. Lopeyok, bawabu, akaja mbio
ameziba pua kwa kitambaa kilicholowa maji:
"Wanafunzi wamegoma tena?"
Hapana, tukamwambia, ni upepo.
Akatutazama kwa muda,
muda mrefu kuliko jaribio lenyewe,
lililokwisha mlango ukingali unatetemeka.

Na kwenye skrini, alifu imepinda.
Katikati imetangulia milimita mbili.
Mutheu akagawanya kwa kalamu nyuma ya risiti ya duka:
mita mia tano kwa sekunde.
Akagawanya tena, kwa kutoamini.

Lakini kando, pale inapokutana na chuma cha Kioi,
haikusogea. Hata kidogo.
Hewa iliyougusa ukuta ilibaki imeushikilia
na wenzake wakipita juu yake kwa ngurumo.
Nilikuwa nalijua hilo kwa vitabu,
nimelifanyia mtihani, nimelipata.
Sikuwa nimeliona.
Nimeishi Nairobi miaka kumi na tisa
nikidhani mimi ndiye mzito wa miguu.

Namba imepungua kumi na moja kuliko hesabu.
Dakta anashuku leza: labda tunapoiandika hewa
tunaichoma kidogo, kama sigara na karatasi.
Au ni pua. Au ni sisi.
Turudie, anasema, na kompresa inaanza kukoroma:
dakika arobaini kulijaza tangi, stima ikiruhusu.

Stima haikuruhusu.
Tulikaa gizani na chupa ya chai,
kila mtu akisikia tangi likipoa, tik, tik,
hadi Lopeyok akauliza kutoka mlangoni,
"Na ule mstari sasa uko wapi?"

Ulizimika, nikamwambia, kabla hujainuka kitini.
Hewa yake ndiyo iliyotoka, kwa bomba la nyuma,
ikapita juu ya mto.
Kwa saa hii, na ile kasi yote imekwisha,
huenda imekwama pale Globu
pamoja na watu wengine.